Rangi ya Nywele Isiyolingana: Namna ya Kuisawazisha Nyumbani kwa Gharama Nafuu

Mlaji anayepaka rangi nywele zake nyumbani ana sababu zinazoeleweka. Gharama ya saluni mara nyingi huzidi bei ya pakiti moja ya dukani, muda ni mchache, na wapo wanaoona haya kufunua mvi zao mbele ya watu wasiowafahamu. Kazi yenyewe huonekana nyepesi: kuchanganya, kupaka, kusubiri na kuosha. Hata hivyo, si ajabu rangi kutoka tofauti na picha iliyo kwenye pakiti, na tena kutoka tofauti sehemu moja ya kichwa hadi nyingine.

Tuchukue mfano wa mama anayetarajia kwenda harusini siku ya Jumamosi. Jumatano usiku anapaka rangi ya kahawia iliyoiva. Asubuhi anagundua kwamba nywele za shinani zina wekundu, ncha ni nyeusi kama masizi, mvi za kwenye paji la uso zimekataa rangi, na kisogoni kuna sehemu iliyorukwa. Alhamisi ananunua pakiti ya pili na kuipaka kichwa kizima. Ncha zinazidi kuwa nyeusi na kisogo kinaanza kuwasha. Ijumaa jirani anamshauri apake kanta ili “yaishe”. Jumamosi anaamka kope zikiwa zimevimba, na harusini haendi.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila hatua yake ni ya kawaida. Tunautumia kwa sababu unaonyesha jambo kuu la makala hii: hasara kubwa hutokana na pakiti ya pili inayopakwa kwa haraka kichwa kizima. Kosa la pakiti ya kwanza, katika hali nyingi, hurekebishwa kwa kiasi kidogo cha bidhaa kinachopakwa mahali panapohusika tu, baada ya kusubiri.

Kwa nini rangi hutoka tofauti

Unywele umefunikwa na tabaka la nje lenye magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ndani yake kuna tabaka lenye chembe za rangi ya asili. Rangi ya kudumu hufungua magamba hayo, hupunguza rangi ya asili na kujenga rangi mpya ndani. Kazi hii haifanyiki kwa kasi moja kichwani kote, kwa sababu nne.

Kwanza, nywele za kichwa kimoja hazina umri mmoja. Nywele hukua takribani sentimita 1 kwa mwezi. Unywele wa sentimita 24 una ncha yenye umri wa miaka 2 hivi. Ncha hiyo imepitia jua, vitana, pasi za nywele na huenda dawa ya kunyoosha. Magamba yake yamechakaa, hivyo hunywa rangi haraka na kuwa nyeusi zaidi, ingawa pia huipoteza mapema.

Pili, joto la ngozi ya kichwa huharakisha kazi ya rangi. Ndiyo maana nywele zilizo karibu na ngozi zinaweza kung’aa au kuwa na wekundu kuliko zilizo mbali nayo.

Tatu, mvi nyingi ni ngumu kupokea rangi, hasa zile za paji la uso na za kando ya masikio.

Nne, yapo makosa ya upakaji: rangi isiyotosha, mafungu manene ya nywele, mafuta mengi yaliyobaki kwenye nywele, au mchanganyiko uliokaa muda mrefu kabla ya kupakwa. Rangi ya kudumu huanza kupoteza nguvu mara tu inapochanganywa. Kwa sababu hiyo mchanganyiko uliobaki hautunzwi. Tena ukifungiwa kwenye chupa unaweza kuipasua.

Tambua kwanza ulichopaka

Marekebisho hutegemea aina ya rangi iliyotumika. Soma tena pakiti kabla ya kuitupa.

*Rangi ya muda* hukaa juu ya unywele na kutoka kwa kuoshwa. *Rangi ya nusu kudumu* haichanganywi na peroksaidi. Huingia kidogo na kufifia baada ya wiki kadhaa za kuosha. *Rangi ya kudumu* huchanganywa na haidrojeni peroksaidi na haitoki kwa maji. Huondoka nywele zinapokua na kukatwa. *Hina* ya asili ni majani ya mhina yaliyosagwa, na hutoa rangi kati ya chungwa na kahawia nyekundu. *Kanta* ni jina ambalo wengi hulitumia kwa rangi nyeusi za kudumu, hasa zile za unga. Tutazieleza kwa kirefu hapa chini.

Ikiwa umewahi kupaka hina isiyo na orodha ya viambato, usipake juu yake rangi yenye peroksaidi bila kujaribu kwanza. Baadhi ya hina zilizochanganywa huwa na chumvi za madini, nazo zikikutana na peroksaidi hutoa joto na huweza kukata nywele. Chukua nywele chache zilizokatika kwenye kitana, ziweke kwenye mchanganyiko kidogo ndani ya kibakuli cha plastiki na uangalie. Zikipata joto, zikitoa mvuke au zikikatika, acha kabisa.

Kabla ya kununua kitu kingine

Hatua zifuatazo hazina gharama, nazo huokoa fedha nyingi.

1. Osha nywele, zikaushe na uzitazame kwenye mwanga wa mchana. Taa ya chumbani hudanganya, na nywele zenye maji huonekana nyeusi kuliko zilivyo.
2. Tumia vioo viwili, au mwombe ndugu akuangalie kisogoni. Andika sehemu zenye tatizo na aina ya tatizo. Mara nyingi utaona kwamba kinachohitaji kurekebishwa ni sehemu ndogo ya kichwa.
3. Kagua ngozi. Ikiwa kuna mwasho, wekundu, vidonda au uvimbe, hakuna marekebisho yatakayofanyika hadi ngozi ipone, na kuna uwezekano kwamba rangi hiyo haikufai kabisa.
4. Vuta kwa upole unywele mmoja ulioloa. Unywele wenye afya hunyumbuka kidogo na kurudi. Ukivutika kama mpira bila kurudi, au ukikatika mara moja, hauwezi kustahimili kemikali nyingine kwa sasa.
5. Subiri wiki 2 kabla ya kupaka tena rangi yoyote yenye peroksaidi. Rangi mpya hupungua makali katika mara chache za kwanza za kuosha, na tofauti iliyoonekana kubwa siku ya kwanza inaweza kupungua yenyewe. Wakati huo mtandio au kilemba hufanya kazi nzuri kuliko pakiti yoyote.

Jaribio la ngozi

Jaribio hili hufanywa kila mara, hata kwa bidhaa uliyoitumia miaka mingi, kwa sababu mzio unaweza kuanza wakati wowote. Fuata maelekezo ya pakiti. Kwa kawaida hupakwa kiasi kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, kisha husubiriwa saa 48. Ukiona wekundu, mwasho, malengelenge au uvimbe, osha na usitumie bidhaa hiyo. Kutoona dalili si uhakika kamili, kwani mzio huweza kuchelewa siku kadhaa. Lakini kuruka jaribio ni kuufanya uso wako mwenyewe kuwa mahali pa kujaribia.

Marekebisho kulingana na tatizo

Kanuni moja huongoza yote: rangi mpya haiwezi kung’arisha rangi ya zamani. Ukipaka kahawia juu ya nyeusi iliyopakwa, utapata nyeusi. Kuzidisha weusi ni rahisi, kuupunguza ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa hiyo, panapowezekana, fanya sehemu angavu zifuate sehemu nyeusi, wala usijaribu kinyume chake.

*Sehemu iliyorukwa.* Tumia rangi ileile ya mtengenezaji yuleyule. Changanya kiasi kinachohitajika tu, kwa uwiano ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Kilichobaki kitunzwe katika mirija na chupa zake, bila kuchanganywa. Gawa nywele katika mafungu membamba, paka pale paliporukwa, na dakika 5 za mwisho pitisha kitana ili mpaka usionekane.

*Mvi zilizokataa rangi.* Anza kupaka hapo kabla ya sehemu nyingine, na uache kwa muda wote unaoruhusiwa na maelekezo, bila kuuzidisha. Chagua rangi ya asili kama kahawia ya kawaida, kwani rangi zenye wekundu mwingi hazifuniki mvi vizuri. Ikiwa mvi zilizobaki ni chache na unahitaji kuzifunika kwa siku moja, rangi ya muda inatosha.

*Shina angavu na ncha nyeusi.* Paka shina tu, ukitumia rangi ya nusu kudumu iliyo nyeusi kidogo kuliko shina lako la sasa. Ncha zipake kondishena au mafuta ya nazi ili rangi isizifikie wakati wa kuosha. Usipake rangi kwenye ncha tena: kila mara unapofanya hivyo unazidisha tofauti unayotaka kuiondoa. Kukata sentimita chache huondoa sehemu iliyoharibika zaidi bila kemikali yoyote.

*Rangi iliyotoka nyeusi kuliko ilivyokusudiwa.* Osha kwa shampuu ya kawaida katika siku zako za kuosha. Shampuu ya mba hupunguza rangi kwa kasi zaidi, lakini hukausha. Tumia mara chache na ufuatishe kondishena. Rangi ya nusu kudumu itafifia. Rangi ya kudumu itapungua kidogo tu, na hapo busara ni kuikubali na kuacha nywele zikue.

*Rangi ya chungwa au njano baada ya blichi.* Nywele nyeusi zinapopunguzwa rangi hupitia wekundu, kisha chungwa, kisha njano. Rangi ya chungwa ni hatua ya njiani, na kupaka blichi tena nyumbani ili kuivuka ni chanzo kikubwa cha nywele kukatika. Rangi hufutwa na rangi iliyo kinyume chake: zambarau hupunguza njano, buluu hupunguza chungwa, na kijani hupunguza wekundu. Shampuu ya zambarau, kwa hiyo, husaidia nywele zenye njano, lakini haiwezi kusaidia sana zenye chungwa. Njia nafuu zaidi ni kuzifunika kwa kahawia ya nusu kudumu. Ikiwa nywele zimefikia njano iliyopauka, chagua kahawia yenye wekundu kidogo; kahawia isiyo na wekundu inaweza kugeuka kijani, kwa sababu blichi imekwisha kuondoa wekundu wa asili.

*Nywele zilizowekwa dawa.* Dawa ya kunyoosha na rangi ya kudumu zisiwekwe siku moja. Dawa itangulie, na rangi ifuate baada ya wiki 2 au zaidi. Nywele zilizowekwa dawa zisitiwe blichi nyumbani.

Katika marekebisho yote tumia glovu, bakuli la plastiki, mafuta ya mgando kwenye mpaka wa paji la uso, na saa. Ukinunua peroksaidi peke yake, elewa namba zake: 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Kwa marekebisho tuliyoyaeleza, hakuna sababu ya mlaji kutumia 30 wala 40 nyumbani.

Vitu vya jikoni na vya kufulia

Tunawaonya walaji dhidi ya njia za mkato. Maji ya blichi ya kufulia ni ya nguo. Kichwani huchoma ngozi, huyeyusha nywele na huweza kudhuru macho. Sabuni ya unga na soda ya kuokea hufungua magamba na kuacha nywele zikiwa kavu na zenye kukatika. Ndimu ikipakwa kisha mtu akakaa juani inaweza kuchoma ngozi na kuacha madoa. Mafuta ya nazi hayaondoi rangi, lakini yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza uharibifu wa nywele. Hiyo ndiyo nafasi yake halali katika kazi hii.

Kanta, piko na hina nyeusi

Rangi nyingi nyeusi za kudumu zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwenye lebo huandikwa kwa jina refu au kwa kifupi PPD. Ikitumika kwa kipimo sahihi kwenye nywele, watu wengi huistahimili. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 katika mchanganyiko unaopakwa kichwani, na hauruhusu kemikali hiyo ipakwe kwenye ngozi kama pambo. Sababu ni kwamba PPD ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya mzio wa ngozi.

Hapa ndipo desturi zetu za urembo zinapohusika moja kwa moja. Piko, yaani maua meusi yanayochorwa mikononi na miguuni wakati wa harusi na sikukuu, mara nyingi hutengenezwa kwa rangi hizohizo za nywele. Hina ya asili haitoi weusi, wala haikolei kwa dakika chache. “Hina” inayotoka nyeusi kwa muda mfupi imeongezwa kitu kingine. Mtu aliyewahi kutokwa malengelenge au kuvimba kwa sababu ya piko ana uwezekano mkubwa wa kuwa na mzio wa PPD, na mzio huo kwa kawaida haumwachi maisha yake yote. Mtu huyo asipake kanta wala rangi yoyote yenye PPD kichwani, hata kidogo, na asitegemee jaribio la nyumbani kumpa ruhusa. Wasichana wanaopakwa piko wakiwa wadogo wanaweza kubeba mzio huo hadi utu uzima bila kujua, mpaka siku ya kwanza watakapopaka rangi nywele. Rangi za kudumu hazikusudiwi kwa watoto walio chini ya miaka 16.

Usipake rangi ya nywele kwenye nyusi wala kope. Uso ukivimba au pumzi ikibana, osha kichwa kwa maji mengi na uende hospitali mara moja ukiwa na pakiti. PPD ikimezwa ni sumu kali: huvimbisha koo na kuharibu figo, na huua. Itunzwe mbali na watoto, kamwe isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Aliyeimeza apelekwe hospitali bila kuchelewa, na asilazimishwe kutapika.

Unaponunua na unapoamua kwenda saluni

Kagua lebo kabla ya kulipa. Iwe na jina la bidhaa na la mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya mwisho ya matumizi, maelekezo na tahadhari, kwa lugha unayoielewa. Kataa pakiti iliyofunguliwa, iliyofifia kwa jua, au rangi iliyopimwa kwenye mfuko usio na lebo, hata ikiwa bei yake ni ndogo. Dai risiti na uitunze pamoja na pakiti hadi rangi itakapokwisha kukaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Yapo matatizo ambayo nyumbani si mahali pake: mabaka ya blichi, nywele zinazokatika, na rangi nyeusi ya kudumu ambayo lazima iondolewe. Kwenda saluni kwa marekebisho ya sehemu moja kunaweza kugharimu kidogo kuliko pakiti tatu zilizopotea. Uliza bei kabla ya kuketi, eleza kwa ukweli kila ulichopaka, na omba kuona pakiti ikifunguliwa mbele yako. Hizo ni haki zako, wala si utovu wa adabu.

Nchini Tanzania, udhibiti wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019. Bidhaa iliyokudhuru au isiyo na lebo sahihi itolewe taarifa huko. Bidhaa bandia, au muuzaji aliyekudanganya, ni suala la Tume ya Ushindani (FCC), ambayo hutekeleza Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Pakiti, risiti na picha ya madhara ndivyo vinavyoipa taarifa yako nguvu, na vinaweza kumkinga mlaji mwingine asiyekujua.

Turudi kwa mama yetu wa mfano. Alhamisi asubuhi alikuwa na pakiti moja iliyotumika, kisogo chenye baka, na siku mbili mkononi. Angekuwa na kijitabu hiki, angefunika mvi za mbele kwa rangi ya muda, angefunga kilemba kinacholingana na gauni lake, na angekwenda harusini. Baka la kisogoni lingesubiri wiki 2, na lingehitaji robo ya pakiti.